Mshono wa Mkono wa Kushoto

Nekesa, binti wa jina la mama yangu, mama niliyekuzaa mwenyewe,

Watu huandika barua ya kuagana usiku, taa ikiwaka. Mimi naandika saa kumi za mchana, nimekaa nyuma ya nyumba, jua likiwa bado kali, kwa sababu chini ya balbu herufi zinanikimbia. Hilo ni la kwanza ambalo sijawahi kukuambia. Uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya. Ukirudi utaikuta hii juu ya begi lako. Isome leo leo, usingoje kufika Busia unakohamia.

Karatasi nimezichana kwenye daftari la vipimo, kwa hiyo ukiona nyuma yake vipimo vya dirisha la mtu, usishangae. Shule niliiachia darasa la tatu. Hesabu ya geti naipiga kichwani na kumshinda mtu wa chuo kikuu, unanijua, lakini barua inanitoa jasho. Naiandika kwa sababu mdomo umekataa tangu asubuhi. Mdomo wangu umezoea kujisifu tu.

Sitakuambia ule vizuri, usitembee ovyo, upige simu. Hayo atakuambia mama yako mlangoni, na atayarudia basi likiwa linaondoka.

Nimeshtuka, Nekesa. Mpaka sasa bado. Ni kama mtu aliyeshika waya akidhani umeme umekatika.

Asubuhi nimerudi kutoka maombi ya alfajiri, wewe umekwenda kununua tiketi. Akaja Afande Odong, yule mwanajeshi mstaafu wa Mbuya tuliyemtengenezea geti jeusi, anayesimamia walinzi wa hoteli ya hapa juu. Nikajua amekuja kunisifu. Nikakaa sawasawa nipokee.

Akaniambia, "Mzee Barasa, mimi nataka geti ingine, ya nyuma. Lakini hii ichomwe na ule mutu wa mukono ya kushoto."

Nikamwambia, "Mtu gani wa kushoto? Hapa fundi ni mmoja, na unamwona."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Ule binti yako! Mimi napita hapa saa kumi na mbili naenda kubadilisha askari wa usiku. Naona moto. Wewe iko kanisa, yeye iko kazi. Nikasema huyu mzee alizaa komando."

"Afande, unaota."

"Mimi nilikaa jeshi mpaka nywele ikaisha, mzee. Moto nayo naijua."

Akaenda zake akipiga mluzi. Mimi nikaona nimfuate nikamtukane, lakini miguu ikanipeleka kwenye lile geti la kijani lililoegemea ukuta, lile nililomaliza wiki iliyopita, linalongoja rangi ya pili. Nikapiga magoti. Macho hayakunisaidia, kwa hiyo nikatumia kucha ya kidole gumba.

Wewe unajua kwamba kitabu kinanishinda, lakini mshono wa chuma kilichochomwa naweza kuusoma kama padri anavyosoma Biblia. Mshono wangu unatoka kushoto kwenda kulia, magamba yake yamelala kama ya samaki aliyegeuzia kichwa upande mmoja, na mwisho wake kuna kile kishimo kidogo mahali ninapoinua rodi ya kuchomea. Kishimo changu kinakaa kulia, miaka yote. Kwenye geti langu, Nekesa, kishimo kilikuwa kushoto. Nikaenda kiungo cha pili, kikawa kushoto. Nikaenda bawaba, kushoto. Nimezunguka geti lote kwa magoti kama mtoto anayejifunza kutambaa, na sikukuta mshono hata mmoja wa kwangu uliobaki wazi. Ya kwangu yote ilikuwa chini, imesagwa na grainda, na ya kwako juu.

Banange! Nikaingia jikoni. Nikamuuliza mama yako, "Mama Nekesa, wewe ulijua?"

Hakuinua hata kichwa kwenye ndizi alizokuwa anamenya. "Nani alikuwa hajui? Hata kuku anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu dirisha la mwalimu lilipoachana vipande kwenye mkokoteni kabla halijafika. Ulisema rodi ni mbovu."

Kweli nilisema rodi ni mbovu. Nilisema na umeme ni mdogo, na chuma cha siku hizi ni makopo yaliyonyooshwa. Na baada ya hapo mishono ikaanza kutoka mizuri, mizuri ajabu, nami nikawa nakuita asubuhi, "Nekesa, njoo uone! Mkono wa baba yako haujazeeka!" Na wewe unasimama hapo na kikopo cha rangi, unasema, "Ndiyo, Baba." Hukucheka. Sijui ulipata wapi nguvu ya kutocheka.

Sasa sikiliza linalonikata zaidi. Unajua kila alfajiri niko kanisani, sikosi, mvua inyeshe isinyeshe. Hujui nilikuwa naomba nini. Nilikuwa naomba macho. Nilikuwa nasema, Bwana, mkono ninao, niongezee macho kidogo, nimalize kazi zangu kwa heshima. Narudi nyumbani, nashika kazi ya jana, naipapasa, naikuta nzuri. Nikasema nimejibiwa. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikatoa ushuhuda! Umesahau? Nilisema kutoka Kisugu hadi Mbuya hakuna mshono kama wangu, na hii si kwa uwezo wangu. Watu wakapiga makofi. Mama yako alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikadhani analia kwa furaha.

Wakati mimi nimepiga magoti naomba, wewe ulikuwa umepiga magoti unachoma. Nimeligeuza hilo jambo kichwani mchana kutwa na bado sijapata mahali pa kulishika.

Halafu, nikiwa hapo hapo jikoni, nikakumbuka Bugolobi. Wiki ile ulipokwenda Busia kuangalia boma la marehemu bibi yako, ndiyo wiki niliyofunga vyuma vya kuzuia mtu asianguke kwenye baraza la ghorofa ya tatu, kwa yule mama wa mapacha, Nalongo. Nilichoma kule kule juu, peke yangu. Kazi ile haikupita mkononi mwako. Na wale mapacha wawili wamejifunza kutembea juzi.

Nitakuambia nilifanya nini. Lakini kwanza acha niseme ya macho, maana hata daktari nilimwambia nusu.

Nilipovuka mpaka kuja Kampala nilikuwa kijana kuliko wewe sasa. Fundi Kasule ndiye aliyenishika mkono, kule Katwe. Alikuwa fundi kweli. Siku ya kwanza alinipa miwani nyeusi ya jua, ile ya kuvaa watu wa harusi, akasema, "Kijana, kinyago ni cha waoga. Mwanaume anaangalia moto." Nikauangalia. Jioni macho yakajaa mchanga. Usiku nililala na vipande vya viazi vibichi juu ya kope, ninalia kama mtoto, na asubuhi Kasule akaja na maziwa ya ng'ombe akanitia matone, akaniambia, "Sasa umebatizwa." Nilijivuna, Nekesa. Nilitembea mjini na macho mekundu nikitaka watu waulize.

Nimekula viazi kwa mdomo, lakini nadhani nimekula vingi zaidi kwa macho. Na kila mara nikisema, kesho yatapoa. Yalipoa, kweli, ila kila yalipopoa yaliacha kitu kidogo nyuma yake, kama ukungu. Miaka miwili sasa nikiangalia sura ya mtu moja kwa moja, katikati pana kiraka. Namwona mtu masikio na mabega, sura imefutwa. Daktari wa macho alinimulika tochi, akauliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Nikasema mkulima.

Mwaka jana ukaniletea ile helmeti ya kuchomea, ambayo kioo chake kinajitia giza chenyewe moto ukiwaka, umejinyima mpaka ukaipata. Nikasema nini? Nikasema nimechoma mageti nusu ya mji huu bila kuvaa ndoo kichwani. Nikaitundika ukutani, nikaweka misumari ndani, halafu kuku wa mama yako akaona ni kiota kizuri. Ametaga humo mara tatu. Kila nikichukua yai nilikuwa nacheka. Leo sikucheka.

Nilipokuwa sioni mshono, nikaanza kuchoma kwa sikio. Hilo sikudanganyi, linawezekana kidogo. Rodi ikiwa karibu sawasawa inalia kama nyama kwenye mafuta, ikiwa mbali inatapika, ikigusa sana inanata. Nilijiambia, Barasa, wewe ni fundi mpaka kwenye masikio. Ila sikio halikuambii kama chuma kimeyeyuka kikashikana, au umemwaga tu moto juu kama siagi kwenye mkate baridi. Halikuambii kama lile ganda jeusi limebaki katikati. Kwa nje panajaa, kwa ndani pamekaa mapengo. Hilo nimelijua leo kwa kucha, na nimekuwa fundi tangu kabla hujazaliwa.

Kwa hiyo kuhusu mashine. Juma lote hili tumegombana. Mimi nimeapa mbele ya mama yako kwamba huvuki mpaka kwenda kufungua karakana na kuajiri fundi wa kuchoma bila Ndovu, mashine yangu kubwa, ile Kasule aliyoisuka kwa mkono wake, shaba tupu ndani, si alumini. Wewe unataka inveta, ile mashine ndogo ya kisasa. Nilikuambia ile ni mkoba wa mama wa kanisani, inabebwa begani, itakufa kabla ya Krismasi. Nilikuambia msichana anayeshinda na kopo la rangi hajui mashine. Hilo neno la mwisho, Nekesa, mpaka sasa nalisikia. Na asubuhi yake, Afande anasema alikuona unachoma.

Ndovu ni mashine. Sitoi hata herufi moja. Lakini tukiiwasha hapa, taa za jirani zinafumba, na jirani anapiga kelele dirishani, "Mzee, unapika nini?" Kule kwa bibi yako umeme ni mwembamba kama uji wa mgonjwa, na nyaya za nyumba ni za taa, si za karakana. Nunua hiyo ndogo. Nimesema. Mama yako akiuliza, mwambie ulinishawishi.

Ila usinunue kwa namba iliyoandikwa kwenye ubavu. Mimi namba hizo zilinidanganya mara moja, nikaleta nyumbani boksi limeandikwa ampea mia tatu, ndani yake hata themanini haikufika, na nikalisifu mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza mtaani. Libebe mkononi, usikie uzito. Shika nyaya zake. Zikiwa laini na nyembamba kama za redio, rudisha. Nenda dukani na kipande chako cha chuma kinene na rodi zako mwenyewe, geji kumi zile nene, mwambie muuzaji awashe, uchome rodi tatu mfululizo bila kumhurumia. Akikataa, umepata jibu lako. Na kumbuka inveta ina feni, na feni inavuta kila kitu. Ukisaga chuma karibu nayo, lile vumbi linaingia tumboni mwake linaiua. Weka grainda upande mmoja wa uwanja na mashine upande wa pili. Hapa kwetu huwezi, uwanja ni kama kitanda. Kule una nafasi.

Rodi zako usiziweke chini ya kitanda kama mimi. Zikinyonya unyevu zinatapika. Nilitukana viwanda vyote vya dunia kabla Kasule hajaniambia nizianike juu ya jiko.

Na kabla ya mashine, kinyago. Nilitaka kuandika jambo refu hapa lakini unaniona, inatosha.

Basi, Bugolobi.

Nilitoka jikoni bila kunywa chai. Nikakatiza Namuwongo, nikavuka reli, nikatembea kama mtu anayefukuzwa. Nilitaka pikipiki, lakini nikaogopa kufika haraka. Njia nzima nilikuwa najiambia, labda viungo vilishika. Labda siku ile mkono ulikuwa na bahati. Nikipanda ngazi, nasikia watoto wanapiga chuma juu, ko, ko, ko.

Nalongo akafungua mlango, kitenge kiunoni. "Eh, Mzee! Karibu ssebo. Hata mimi nilikuwa nasema nikuite, dada yangu anataka chuma kama hii."

Sikujibu salamu. Mama wa watu, mimi mzee mzima, sikujibu salamu. Nilipita mpaka barazani. Wasswa, pacha wa kwanza, alikuwa amekaa chini anapiga chuma na kijiko. Kato, mwenzake, alikuwa amesimama, ameshika nondo mbili kwa mikono, anajirusha nyuma na mbele kama yuko kwenye bembea. Nikamnyanyua kwa mkono mmoja, akapiga kelele. Nikampa mama yake. Nikamwambia, "Chukua na huyu wa pili. Funga mlango."

"Mzee, kuna nini?"

Nikashika chuma cha juu pale kinapokutana na ukuta, nikakisukuma, si kwa nguvu, kama unavyosukuma mlango wa chumba cha mgonjwa. Kiungo kimoja kikasema ta. Basi. Ta. Kikaachia. Nikaingiza kucha kwenye mwanya, na kucha ikaingia yote. Chini nikaona gari la mtu, dogo kama kiatu.

Nalongo alikuwa mlangoni na mapacha wote wawili mikononi. Ningeweza kusema ukuta ni mbovu. Nekesa, nakuambia kweli, lile neno lilikuja mpaka kwenye meno. Ukuta, saruji, rodi, umeme. Nina maneno hayo mengi, nimeyatunza vizuri.

Nikamwambia, "Nalongo, hii kazi ni mbaya. Niliifanya mimi na ni mbaya. Sioni vizuri, na nilikuficha."

Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, watoto wangu wanacheza hapa kila siku."

"Najua."

"Kila siku, Mzee."

Angenitukana ningepona. Hakunitukana. Alikaa chini sakafuni na watoto wake akawakumbatia, na mimi nikaomba kamba. Nimefunga baraza lile kwa kamba ya kuanikia nguo, mizunguko mingi, kama mtu anayefunga mbuzi mkorofi. Nimegongomea ubao mlangoni. Nimemwambia mtu asikanyage hapo mpaka paguswe upya.

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu. Tiketi yako ni ya basi la kesho saa tatu asubuhi. Liache liende. Lipo la saa saba, nimeshapita ofisini kwao wakakubali kubadilisha. Saa moja tutakwenda Bugolobi, mimi na wewe. Ndovu hapandi ngazi, kwa hiyo nimeazima inveta kwa yule kijana wa barabara ya pili, yule niliyekuwa namcheka. Amenipa bila neno. Akasema tu, "Hii ni kwa Nekesa, sivyo? Mwambie nyaya nimebadilisha." Naye pia alijua! Mtaa mzima!

Helmeti nimeitoa ukutani. Misumari nimeimwaga kwenye kopo, kuku nimemhamishia kwenye kikapu, na amekasirika sana, ameninyea kiatu. Nimeiosha kwa sabuni na kufuta kioo. Nimeivaa kidogo hapa nyuma ya nyumba, nikaangalia jua kupitia humo. Ni kitu cha ajabu. Nilikuwa nakitia misumari.

Kesho utachoma wewe. Mimi nitashika chuma kisitikisike, hapo bado sina mpinzani kutoka Kisugu hadi Mbuya, na ukiwasha nitafumba macho. Ni mara ya kwanza nitayafumba.

Nilipokuwa nashuka ngazi, Nalongo alitoka akaniita kutoka juu. "Mzee! Na kesho nani anakuja kutengeneza?"

Nikamwambia, "Fundi."

"Si wewe ndiye fundi?"

Nikashika ukuta. Nikamwambia, "Hapana, nnyabo. Mimi ni baba yake."

Barasa, baba yako